Maji ya Asubuhi, Mbio za Alasiri

Nakumbuka siku moja tulipotoka Jinja alfajiri kwenda kushindana na vijana wa Mbale kwenye Mto Manafwa, na mpaka leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Keti, mwanangu, weka hilo kasia chini. Najua kesho una mbio, na najua unaniona mimi ni mama wa kuuza vitenge hapa Bugembe, basi. Nilikuwa na mabega, mimi! Nilipiga kasia kwenye Nile wakati wasichana wenzangu wanaogopa hata kulowesha nywele.

Kaka yangu Hamisi ndiye aliyenifundisha. Yeye alikuwa mtu wa kayaki, mimi wa mtumbwi, nikipiga kasia na Afande Opio, mkubwa wetu, askari magereza aliyehamishiwa Jinja kutoka Tororo. Kazi ya kupima maji ilikuwa ya Hamisi, maana hakuna aliyemzidi kwa uangalifu. Nasi watu wa Jinja tuna mazoea yetu. Nile inatoka ziwani, na walioko bwawani ndio wanaoifungulia na kuifunga. Asubuhi unawapigia simu, wanakuambia leo wanaachia maji kiasi gani, na neno hilo unakaa nalo mpaka jioni.

Kule Manafwa, karibu na Busiu, hapakuwa na wa kumpigia. Hamisi akateremka mwenyewe, akachomeka mti wenye alama ukingoni, akaingia hadi kiunoni akiangalia mawe. Alipanda akicheka.

"Maji iko sawa kabisa, afande," akamwambia Opio. "Hata mtoto anapita."

Na alisema kweli, sitaki mtu amsingizie marehemu. Asubuhi ile maji yalikuwa sawa.

Lakini mbio hazikuanza asubuhi. Tulikuwa tunamngoja mgeni rasmi, na nyinyi mnawajua wageni rasmi wetu. Tukaambiwa ametoka nyumbani. Tukaambiwa yuko Mbale mjini. Tukaambiwa anakunywa chai. Jua likapanda, soda zikaisha, kwaya ikarudia nyimbo zake zote. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na siku ile iliumiza zaidi ya tumbo. Kule juu Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba, na ndiko Mto Manafwa unakotoka, wingu lilikuwa limekaa jeusi tii. Tuliliona. Tukasema hiyo ni mvua ya wenyewe, sisi huku tuna jua letu.

Alasiri magari yakafika na vumbi lake, makofi, hotuba. Halafu ghafla kila kitu kikawa cha haraka, eti mheshimiwa ana safari nyingine. Opio akauliza, "Hamisi, maji?"

Hamisi alikuwa ameshakaa ndani ya kayaki. Akainua dole gumba. "Si nilipima asubuhi, afande?" Akajisukuma, akaenda kupasha mwili katikati ya mto.

Mimi nilikuwa ukingoni nafunga jaketi langu la kuelea. Nikautafuta kwa macho ule mti wenye alama, nikaukosa. Wallahi, mwanangu, nilidhani kuna mtu ameung'oa! Kumbe maji yameshaufunika. Nikasikia mngurumo, nikadhani ni lori barabarani. Nikageuka. Maji mekundu yalikuwa yanakuja yamejaa ukingo kwa ukingo, yamebeba migomba mizima na mizizi yake, na juu yetu hapakuwa na tone la mvua. Jua linawaka! Nilipigwa na bumbuazi. 

Opio ndiye aliyepiga kelele. "Hamisi, toka! Banange, jamani, toka!"

Hamisi aligeuza kichwa, nikamwona usoni. Hakuwa na hofu. Alikuwa anashangaa tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Mgomba ukampiga ubavuni, kayaki ikapinduka, ikapita chini ya daraja la barabara. Upande wa pili ilitoka bila yeye. Tulimpata kesho yake katika mashamba ya mpunga huko chini, jaketi lake bado limefungwa vizuri.

Nyumbani watu walijaa. Mgeni rasmi naye alikuja, na siku hiyo hakuchelewa. Akaingia kumpa mama yetu pole, akasema lile tunalolisema wote: ajali haina kinga.  Mama akainua uso.

"Hii ilikuwa na kinga, bwana," akasema. "Wewe ulipofika, watu wote walikuangalia wewe. Nani aliangalia maji?"

 Nilishtuka pale kuliko nilivyoshtuka mtoni, maana jibu lilikuwa jepesi mno. Pale ukingoni tulikuwa umati wa watu wenye macho, na hakuna hata mmoja aliyeteremka tena. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wetu alikuja, na kaka yangu hakupona.

Basi sikia, mwanangu. Kipimo cha asubuhi ni cha asubuhi. Mbio zikichelewa hata kidogo, teremka tena uyaangalie maji kwa macho yako, hata kama mkubwa amesimama na bendera mkononi na watu wanakuzomea. Mto wa bwawa ulizia bwawani, mto wa mlima ulizia mlimani, uwe na mtu huko juu wa kukuambia kama mvua inanyesha. Maji yakibadilika rangi, yakianza kuleta majani na vijiti, toka, usimngoje mwenzako atoke kwanza. Wakikuita mwoga, itika. Kikombe kitashindaniwa tena mwakani.

Nenda sasa ukalale. Mwenyezi Mungu akutangulie majini na nchi kavu, akupe mkono wenye nguvu na jicho lisiloona haya kuangalia mara ya pili, na kesho jioni mama yako akupakulie chakula kwa mkono wake. Amina.