Kaka Yangu Aliyejifutia Maksi

Nilikuwa naanika mashuka uani, saa tano asubuhi, simu ilipolia. Alikuwa msimamizi wa kazini kwa kaka yangu, binti mwenye maneno ya haraka. Siku hiyo aliyatoa polepole.

"Shikamoo mama. Uko na nani hapo nyumbani?"

Nilielewa hapo hapo. Mwenye habari njema hakuulizi uko na nani. Alisema Kaka aliinamia meza, wakadhani anatazama kitu kwa karibu kama kawaida yake, na walipomgusa bega alikuwa ameshatutoka. Daktari alisema ni moyo. Niliketi juu ya beseni lililopinduliwa, nikamshukuru Mungu kwamba hakuteseka. Machozi yalikuja baadaye.

Kaka alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja, kati ya duka la viatu na kinyozi. Alikaa humo miaka thelathini na moja, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, mpaka watu wakaanza kutazama saa kwenye simu. "Simu zimekula sahani yangu," alisema akicheka, akafunga. Mwaka uliofuata kampuni moja ikatafuta watu wenye ujuzi wa mikono wa kupima akili bandia, ile inayosoma maandishi, kutazama picha na kueleza hatua kwa hatua ilivyofikiri hadi ikapata jibu. Kaka akaomba, na miaka yake sitini. Wakampa miezi mitatu ya majaribio. Vijana wa pale wakamwita Babu Saa.

Kazi yake ilikuwa kuiwekea mashine picha ya saa, kuiuliza ni saa ngapi, kisha kuyapa maksi maelezo yake. Picha alizitoa kwenye kasha la kadi za matangazo ya saa alizokusanya tangu ujana. Alitunga maswali mia mbili. Mashine ikapata tisini na nne kwa mia, ofisi ikashangilia. Msimamizi akasema matokeo yataenda kwa wakubwa Ijumaa, na kwa kazi ile Kaka ataajiriwa moja kwa moja.

Jumatano jioni, akiwa nyumbani na kompyuta, alituma swali akasahau kuweka picha. Mashine haikulalamika. Iliandika kwamba mshale mfupi umepita kidogo namba kumi, mrefu uko kwenye namba mbili, kwa hiyo ni saa nne na dakika kumi.

"We, njoo umwone mwongo huyu!" aliniita nikiwa jikoni. "Anasema anauona mshale. Mshale gani? Picha yenyewe sijampa!"

"Si amekisia tu, Kaka."

"Na mbona amepatia?"

Akaenda kuleta kasha, akamwaga kadi mezani. Karibu zote zilionyesha saa nne na dakika kumi. Akanieleza kwamba wenye matangazo huiweka mishale hivyo ili isizibe jina la saa. Yeye alilijua jambo hilo tangu akiwa mwanagenzi, na halikumjia kichwani hata mara moja alipokuwa akichagua picha. Mashine ilikuwa imekariri jibu, na maelezo yote mazuri ya hatua kwa hatua ilikuwa ikiyatunga tu.

"Mtihani mbovu," alisema, "na aliyeutunga ni mimi."

Nilimshauri anyamaze mpaka Ijumaa ipite. Naandika hili kwa aibu. "Watasema umezeeka, Kaka. Kazi utaikosa."

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, mdogo wangu. Kesho mama ataionyesha chupa ya dawa ya mtoto, aulize kipimo. Itamjibu kwa madaha kana kwamba imesoma, kumbe haijatazama."

Hakunigombeza. Alisali, akalala.

Yaliyotokea asubuhi nilisimuliwa na msimamizi mwenyewe. Kaka aliingia, hata kiti hakuvuta.

"Binti yangu, futa maksi zangu zote."

"Babu, usinitanie asubuhi yote hii."

"Utani nimeuacha nyumbani. Tazama."

Akatuma maswali kumi bila picha hata moja. Tisa yalirudi na hadithi za mishale. Binti akashika kichwa.

"Wiki tatu, Babu! Wakubwa wanasubiri! Hukuona tangu mwanzo?"

"Picha nilikuwa nazijua, kwa hiyo sikuzitazama. Kosa ni langu. Andika hivyo hivyo."

Ijumaa matokeo hayakwenda. Jumamosi Kaka akatoa saa zake zote kuukuu, akawa anaipa kila moja wakati wake kwa mkono, nami napiga picha dirishani.

"Umetikisika!"

"Wewe ndiye unayenipumulia shingoni!"

Tulicheka siku mbili nzima, ingawa wote wawili tulijua huenda kibarua kimeota nyasi. Kwa picha zile mpya mashine ilipata kumi na tisa kwa mia. Msimamizi aliwapelekea wakubwa hiyo kumi na tisa, pamoja na maelezo ya kosa na jina la aliyeligundua. Wiki moja hatukusikia neno. Kisha wakamwajiri, aiandikie mashine mifano ya namna mtu anavyoisoma saa, akianza na kuhakikisha kwamba saa ipo mbele yake. Walipoifundisha kwa mifano hiyo, jambo la kwanza ililojifunza ni kusema, "Sioni picha yoyote." Siku hiyo alirudi nyumbani kama aliyepata mjukuu. Mwezi aliofariki ilikuwa imefika sitini na mbili, bila kudanganya.

Namshukuru Mungu kwa miaka miwili ile aliyoifanya kazi hiyo, na kwa kunipa kaka aliyeukataa ushauri wangu mbaya asinidharau.

Tulimzika alasiri, kesho yake baada ya simu ile. Watu wa ofisini walikuja wote. Msimamizi alisema maneno machache: kwamba tangu siku ile hakuna mtihani unaotoka kwao kabla haujajaribiwa bila picha, na kwamba Babu ndiye aliyemzoesha kusema matokeo mabaya kwa sauti. Kisha akalia, akaketi. Tukasali. Vijana sita walibeba jeneza, wanne wao wakiwa wafanyakazi wenzake. Nilishika ubao wa jeneza kidogo nikasema, "Kwaheri Kaka, Mungu akupokee." Wakalishusha kwa kamba. Tulitupia udongo mmoja mmoja, wenye sepetu wakamalizia, na sote tukarudi nyumbani kwa miguu.