Landlord wetu wa Southall na kadi ya tembo aliyoikosa

Wakuu salaam, na mabibi mnaosoma humu kimyakimya pia. Haya yalinikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe daktari alishanikataza.

Nimeona uzi wa jana vijana wanabishana seti ipi ya kadi za zamani za baseball ina design kali. Baseball siijui hata kidogo. Ila kadi za picha nazijua, zile zilizokuwa ndani ya pakiti za majani ya chai hapa London, miaka ile sisi Wahindi wa Afrika Mashariki tulipokuwa tunamiminika na makoti ya kuazima.

Kwa ambao hamkuwa mmezaliwa: ukifungua pakiti unakuta kadi moja ndogo, picha ya kuchora kwa mkono, ukingo mweupe, nyuma namba na maelezo mafupi.

Kulikuwa na seti ya ndege, ya vipepeo, ya magari ya kizamani. Kwangu mimi hakuna iliyoifikia Wanyama wa Afrika. Mchoraji alijua kazi. Pundamilia wake ungedhani anapumua. Simba tu ndiye aliyetoka na uso wa karani aliyenyimwa likizo.

Tuendelee.

Sisi ni watu wa Tanga. Tulipanga ghorofa ya juu Southall: mimi, wazazi, kaka na mkewe mjamzito. Chini aliishi landlord mwenyewe, Mr Wilf, mzee mgane.

Safarini sanamu yetu ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, ilivunjika ndani ya sanduku. Mama yetu, tuliyemwita Ba, aliililia kuliko alivyoililia nyumba ya Tanga. Pakiti ya kwanza ya chai aliyofungua London, akatoka tembo. Ba hakuuliza mtu. Akamweka kwenye rafu ya sala, akampaka unga mwekundu kwenye paji la uso na kumbandikia punje za mchele.

Shida yetu ilikuwa notice. Mr Wilf hakuivumilia harufu ya vitunguu na haradali kwenye mafuta, akatutaka tuhame mwisho wa mwezi. Na wakati ule kwa rangi yetu, ukipiga simu chumba kipo, ukifika mlangoni kimeshachukuliwa. Wifi yangu naye siku zake za kujifungua zilikuwa zinakaribia. Niliogopa sana.

Nikatumwa chini kubembeleza, maana Kiingereza changu ndicho kilichokuwa na afadhali. Nikamkuta mezani na albamu za kadi. Seti ya wanyama ilikuwa imejaa, isipokuwa pengo moja. Tembo.

Maskini alikunywa chai peke yake, pakiti moja inamchukua wiki na wiki. Sisi chai tunaichemsha na maziwa kwenye sufuria, asubuhi, jioni na kila akija mgeni, pakiti hazidumu. Nikamwambia tembo yuko juu kwetu.

Baba aliposikia alishukuru miungu yote anayoijua. Akataka kadi iteremshwe saa ile ile. Ba akakataa.

"Mungu hapewi mtu ili sisi tupate pa kulala," alisema.

Baba alibembeleza, akafoka, akasusa chakula, njaa ikamrudisha mezani. Siwafichi, mimi nilikuwa upande wa Baba.

Basi Mr Wilf akapanda mwenyewe. Ba akamwonyesha viatu vyake kwa kidole. Akavua, soksi ina tundu, dole gumba linachungulia. Akasogea kwenye rafu na kioo chake cha kukuzia, akauona ule wekundu. Wakuu, kwa mtu wa kadi, doa ni msiba. Alikaa chini bila kukaribishwa. Ba akampa chai na bhajia za moto.

Jumapili iliyofuata akarudi, eti kuangalia kama wekundu umeenea. Na iliyofuata tena. Akaomba aisafishe, Ba akakataa. Akataka kubadilishana na seti nzima ya vipepeo, Ba akamwongezea bhajia. Notice hakuitaja, lakini hakuifuta.

Mwisho wa mwezi ukafika. Baba akafunga masanduku, akayashusha mpaka mlangoni. Wifi amekaa juu ya mojawapo, amechoka, na pa kwenda hatuna. Mr Wilf akatoka chumbani kwake, akatutazama.

"Na tembo je?" akaniuliza.

Nikamuuliza Ba. Ba akasema anakwenda na sisi.

Mzee akashika ukuta. Kisha akainama, akavua viatu, akamwomba wifi anyanyuke, akalibeba sanduku lake na kuanza kupanda nalo ngazi.

Nilichojifunza: sisi wageni huwa tuna haraka ya kutoa kila kitu ili tupendwe. Ba angemteremshia ile kadi, mzee angejaza pengo lake, akafunga albamu, na mlango akaufunga vilevile.

Haya, wenye seti zenu kali, na mliowahi kuishi na landlord wa namna hii, mwageni hapo chini. Ila msini-PM mkitaka kumnunua tembo. Ba aliniachia mimi, na kila asubuhi nampaka wekundu wake.