Kutoa Hewa Kwenye Breki Siku ya Ijumaa

Gari letu lilikuwa la kijivu, la milango minne, na umri wake ulikaribia wangu. Nililinunua mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa afisa wa serikali aliyehamishwa kutoka Isiolo. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi, na nilidhani kitu ninachokielewa hakiwezi kunisumbua. Lilinisumbua sana, lakini sikuwahi kulichukia, hata Ijumaa ile.

Ijumaa ile, mwendo wa saa sita mchana, mfanyabiashara wa miraa aliyeteremka kutoka Meru alipitia shuleni na ujumbe. Mke wangu, aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji siku nane kabla, angeruhusiwa kutoka hospitalini kesho yake asubuhi. Mtoto alikuwa mzima. Mama alikuwa na mshono, na daktari alikataa kabisa apande lori au basi. Nije na gari dogo, na niendeshe polepole.

Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha nikakumbuka mahali gari dogo lilipokuwa: mbele ya nyumba yetu katika mtaa wa Wabera, limekaa juu ya mawe, magurudumu yote manne yameegemezwa ukutani. Siku mbili kabla nilikuwa nimebadilisha mpira wa silinda ya breki iliyokuwa ikivuja, gurudumu la nyuma upande wa kushoto. Kazi hiyo niliimaliza vizuri. Iliyobaki ni ile inayofuata kila mara bomba la breki likifunguliwa, yaani kutoa hewa.

Nieleze kidogo, maana si vigumu. Breki za gari kama lile husukumwa na mafuta. Ukikanyaga pedali, mafuta hupita kwenye mabomba membamba hadi kwenye magurudumu, na kwa kuwa mafuta hayabanwi, nguvu ya mguu wako hufika yote. Hewa hubanwa. Ikiingia kidogo tu, mguu huzama hadi sakafuni kama uliokanyaga godoro, na gari huendelea na safari yake. Ukitoka Meru, kuanzia makutano ya barabara ya Nanyuki mpaka Isiolo ni mteremko mrefu, malori ya mifugo yanapanda, mbuzi wanavuka wanapotaka. Nisingeweza kumteremsha pale mwanamke mwenye mshono na mtoto wa siku tisa kwa gari lisilosimama.

Hewa hutolewa na watu wawili. Mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine, akiwa amelala kando ya gurudumu, hulegeza nati ndogo, mafuta yanaruka pamoja na hewa, kisha anaikaza. Hapo ndipo wa kwanza anaruhusiwa kuinua mguu. Akiinua mapema, gari huvuta hewa upya na mnarudi mlikoanza. Mke wangu ndiye aliyekuwa mguu wangu siku zote. Sasa alikuwa Meru akinisubiri, na gari pekee la kukodi nililoliamini lilikuwa limepeleka watu wa harusi Garba Tulla.

Niliomba ruhusa shuleni, nikarudi nyumbani nusu nikitembea, nusu nikikimbia. Mafuta ya breki yalikuwa kopo moja, na duka la spea lilikuwa limeishiwa. Nililitikisa kopo hilo mara tatu njiani, kana kwamba lingeongezeka.

Jirani yangu, dalali wa mifugo aliyezaliwa kule Biliqo, alikuwa ametoka tu kwenye swala ya Ijumaa. Mwenye moyo kumshinda sikumjua pale mtaani. Nilipomweleza, alivua makubazi, akajibana kwenye usukani, kanzu yake nyeupe imekunjwa hadi magotini. Nilimrudia maelezo mara mbili: kanyaga, shikilia, usiinue mpaka niseme. Akanihakikishia kwamba ameshika ngamia wakaidi kuliko pedali.

Nililala chini, nikalegeza nati. Mafuta yakaanza kutoka, meusi na yenye povu. Nikasikia sauti barabarani, "Salaam aleikum," na papo hapo povu likageuka, likarudi ndani kwa mlio wa kunyonya. Niliinua kichwa. Jirani yangu alikuwa amesimama nje ya gari, mikono yake miwili imeshika mkono wa mzee mmoja, wakiulizana habari za watoto, za ng'ombe, na kama mvua imefika Merti.

Tulianza upya. Mara ya pili ikawa vilevile. Watu walikuwa wakitoka msikitini, na nyumba yetu ilikuwa njiani. Mara ya tatu nilimwomba, kwa upole nilioutafuta kwa bidii, asalimie akiwa amekaa.

"Yule aliyepita ni kaka ya mama mkwe wangu," alisema. "Nimsalimie nimekaa kama mgonjwa? Mwalimu, mimi bado nina binti wa kuoza."

"Lakini mzee, umeinua mguu."

"Mguu umejiinua. Umelelewa vizuri."

Nilicheka, kisha kicheko kikaniisha nilipolitazama kopo. Lilikuwa limebaki nusu. Kila salamu ilikuwa inakunywa mafuta yangu, na Wabera nzima ilikuwa haijapita bado. Kumkasirikia nisingeweza. Mtu asiyeinuka kumpa mkono mkubwa wake hawezi kukaa mtaa ule kwa raha, nami mwenyewe, kama ningekuwa kwenye kile kiti, ningeinuka.

Nilizunguka gari mara mbili, kisha mara ya tatu, nikigusagusa vitu bila sababu. Mguu ule ulikuwa na tatizo moja tu: ukiinuka, bomba huvuta kilicho karibu nalo. Kilichokuwa karibu nalo ni hewa. Kikiwa mafuta, litavuta mafuta, na hapo mguu uinuke utakavyo.

Nilirudi shuleni mbio nikaazima mrija mwembamba wa mpira kutoka maabara. Nikauvika kwenye ile nati, na ncha ya pili nikaizamisha kwenye chupa ya soda yenye mafuta kidogo ya breki ndani yake. Jambo la msingi ni hilo, ncha isitoke kwenye mafuta. Nilianza na gurudumu lililo mbali zaidi na pedali, la nyuma kushoto, kwa sababu bomba lake ndilo refu na hewa hupenda kujificha humo. Nililegeza nati nusu mzunguko, nikaenda kwenye kiti, nikakanyaga polepole, nikaachilia polepole. Mara tano. Nikarudi kutazama chupa, nikaongeza mafuta kwenye kikopo cha breki kilicho mbele, kando ya injini, maana kikikauka kinaanza kuvuta hewa chenyewe. Mafuta yaliyomwagika kwenye bodi niliyaosha kwa maji upesi, yanakula rangi.

Jirani yangu alinitazama nikienda na kurudi, kisha akauelewa wasiwasi wangu kuliko nilivyomweleza. Akachukua kigoda akakiweka kando ya barabara.

"Wewe usisalimie mtu," alisema. "Mimi nitawasalimia wote, wako na wangu. Nitawaambia mwalimu ameshikwa na kazi."

Akakaa pale hadi alasiri, akiinuka na kuketi, akiwaambia wapita njia habari za mke wangu, za mshono, na za mtoto ambaye kwa maneno yake alikuwa tayari na kilo nane. Nami nilienda na kurudi kati ya chupa na kiti mpaka mapaja yakaniuma. Mapovu makubwa yalikuja, kisha madogo kama mbegu za mtama, kisha mafuta matupu. Nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Nilipomaliza, kopo lilikuwa na mafuta ya kufunika kidole.

Asubuhi, magurudumu yakiwa yamerudi mahali pake, nilipanda Meru bila shida, lakini kupanda hakumwambii mtu lolote kuhusu breki. Wakati wa kurudi, mke wangu alikaa nyuma na mtoto mapajani, mto tumboni. Tulipofika kwenye makutano nilisimama. Nikasogea mita mia, nikasimama. Nikasogea tena, nikasimama. Pedali ilikuwa ngumu chini ya kiatu, palepale juu, nami bado sikuiamini.

Mara ya tano mke wangu akaniuliza kuna nini. Nilitaka kumwambia hakuna kitu. Badala yake nilimweleza yote: mpira wa silinda, hewa, mafuta yaliyokaribia kuisha, na kwamba niliifanya kazi peke yangu na hakuna aliyeikagua.

Aliutazama mteremko ulivyonyooka mbele yetu hadi tambarare ya Isiolo yenye vumbi.

"Simama mara moja zaidi," alisema, "kwa nguvu, kama mbuzi ameingia. Nimeushika mshono."

Niliacha gari lishike kasi, nikakanyaga. Lilisimama mara moja, limenyooka, bila kuvuta upande wowote. Mtoto alikunja uso, akaendelea kulala.

"Sasa twende," alisema mke wangu. "Jua linampiga."