Mnaotafuta tairi la baiskeli lisilopata pancha, someni yaliyonipata njia ya Kinanie

Wakuu, hamjambo nyote. Wa Machakos mjini, wa Masii, na nyinyi wa Syokimau mnaojiita watu wa Nairobi, vuteni viti.

Kuna member ameuliza humu ni tairi gani la baiskeli lisilopata pancha, la kuendea kazini mjini. Nimeona mmemjibu kwa mbwembwe, kila mtu na yake. Mwingine hata anamwambia ajaze mpira ndani asahau habari ya pampu.

Hapo ndipo nimeshindwa kunyamaza.

Nitaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe. Sitatia chumvi, maana yalivyo tu yananitosha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa naishi Kinanie na mke wangu Mwende na binti yetu Ndunge, ambaye wakati huo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Kazi yangu ilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja pale Athi River. Jina la kiwanda halina haja hapa.

Kwa vijana ambao hamkuonja kibarua cha siku zile: hakuna barua, hakuna mkataba. Asubuhi mnajipanga nje ya geti. Nyapara anatoka, anawatazama kama mtu anayechagua mbuzi sokoni, anasema wewe, wewe na wewe. Akitosheka geti linafungwa. Ukifika limefungwa, unarudi nyumbani kumweleza mke.

Tulikuwa kundi la wanaume wa Kinanie, sote kwa baiskeli, tukitoka pamoja asubuhi kwa mstari mmoja. Kwenda pamoja kulikuwa na faida, kwa sababu njia ilikuwa na vibaka.

Lakini tulikuwa na sheria moja. Mwenye pancha hangojwi.

Tairi likitoka upepo unasogea kando. Aliye karibu nawe anapaza sauti, "Pancha!" ili walio mbele wajue, na mstari unaendelea. Hakuna aliyekasirika kwa hilo. Ukingoja mmoja, geti linafungiwa wote, na kila mmoja wetu alikuwa na midomo ya kulisha.

Na pancha zilikuwa nyingi, jamani. Huku vichochoroni ni miiba ya migunga. Barabarani ni kokoto kali zilizomwagwa na malori ya mawe kutoka Lukenya. Ukiingia mjini ni misumari, vipande vya waya na chupa zilizovunjika. Baiskeli yangu ilikuwa black mamba nzito ya karia kubwa, na tairi la nyuma lilikuwa na viraka vingi kuliko mpira.

Kisha zikaanza habari kwamba kiwanda kitachukua vibarua wachache kuwa permanent. Nyapara alisema waziwazi kwamba anaangalia nani hakosi.

Mimi nilikuwa nakosa. Si kwa ulevi wala uvivu, kwa pancha tu. Nikiwaza Mwende na mtoto, nilikuwa nalala natazama mabati. Ile kazi niliitaka kuliko kitu chochote.

Nikajaribu kila dawa. Nilinunua tairi zito lenye mpira mnene wa kukanyagia, duka moja la Machakos. Lilisaidia kweli, nakiri, lakini msumari ni msumari. Nikakata tubu kuukuu nikailaza ndani kama bitana. Nayo ikasaidia kidogo.

Mwenzetu mmoja alimimina uji ndani ya tubu yake, baada ya kusikia kwamba unaziba matundu. Siku ilipopasuka karibu na hoteli ya chai, watu waliacha mandazi wakatoka nje. Hiyo ndiyo siku ya mwisho nakumbuka tukicheka sote.

Sasa anaingia shemeji yangu.

Kioko ni kaka mkubwa wa Mwende. Tulikuwa kibarua kimoja na mstari mmoja. Ni yeye aliyenipeleka kwa fundi wa akala pale sokoni Athi River, mtu wa kukata viatu kutoka kwa tairi za lori. Fundi alikuwa na ujuzi mpya: anatoa tubu kabisa, anajaza ndani ya tairi mikanda ya mpira iliyosokotwa ikakazwa mpaka tairi linakuwa gumu kama gogo.

"Hii hata ukanyage shoka, unaenda tu," fundi alisema.

Kuna jambo moja hakulisema, au pengine hakulijua. Tairi hukaa kwenye rimu kwa sababu ya upepo unaolisukuma. Bila upepo hakuna kinacholishika. Tulipoona linachezacheza tulifunga kwa waya, mzunguko baada ya mzunguko, tairi na rimu pamoja. Kioko alishika gurudumu, mimi nikakaza kwa koleo.

Waya zile zikawa zinagonga mpira wa breki ya mbele. Tukaitoa breki.

Naam, mmesoma vizuri. Tuliitoa. Tuliona breki ya nyuma, ile ya kukanyaga pedali isiyogusa rimu, inatosha.

Nimerudi, nilikuwa nimeitwa mezani.

Wakuu, kwa muda nilikuwa mfalme. Sikushika pampu tena. Mwili ulikuwa unatikisika mpaka meno yanauma, na mlima ulikuwa adhabu, lakini nilifika getini kila siku. Nyapara akaanza kuniita kwa jina. Wenzangu wakanitania, "Baba Ndunge, wewe hata ukipita kiwanda cha misumari!" Kila mtu katika ule mstari alijua baiskeli yangu haina tubu.

Kioko alisema yake ataijaza akiona yangu imedumu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya manyunyu na ukungu. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, kwa sababu bila breki ya mbele niliogopa kumgonga mtu. Mbele yangu alikuwa Kioko.

Tukaingia kwenye ule mteremko wa kabla ya mji. Nikasikia kitu kikikatika chini, tii, kisha kingine. Waya zilikuwa zimelika kwa changarawe. Tairi la mbele likachomoka kwenye rimu, likajisokota kwenye uma, na gurudumu likasimama ghafla. Mimi sikusimama.

Niliangukia ndani ya mtaro wa mawe. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti na mfupa ukatoka nje. Kifua kilikuwa kimegonga jiwe, pumzi imekatika. Nilifungua mdomo nipige kelele, haikutoka sauti.

Lakini masikio yalikuwa mazima.

Nikasikia mtu wa mbele akiuliza, "Nani huyo amebaki?"

Nikasikia sauti ya Kioko. "Ni Baba Ndunge. Amepata pancha. Twendeni!"

Na minyororo ya baiskeli ikaendelea kuteremka, mpaka sikuisikia tena.

Nililala pale maji ya mvua yakipita juu ya kidonda. Baiskeli za kundi jingine zilipita, nao hawakutazama mtaroni. Sauti yangu iliporudi ilikuwa ya kunong'ona. Jua lilikuwa limeshatoka na kukausha shati wakati mama mmoja muuza maji alipopita na mkokoteni wake wa punda. Ni yule punda aliyesimama na kukataa kwenda, mama akachungulia mtaroni kuona kuna nini. Alimwaga maji yake yote, mtaji wake wa siku, akapata nafasi ya kunilaza. Mungu amzidishie popote alipo.

Hospitalini walijitahidi. Daktari hakunificha. Alisema mvunjiko wenyewe ungepona, lakini uchafu wa mtaro ulikuwa umekaa ndani muda mrefu mno. Mguu ukaoza. Wakaukata.

Sitaeleza sana hapo. Anayejua anajua.

Jumapili Kioko alikuja na machungwa kwenye mfuko. Mwende alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimeshapata habari kutoka kwa mwingine kwamba siku ile ile niliyoanguka, nyapara alichagua wale wa permanent. Jina langu liliitwa getini. Kioko akajibu kwamba nimepata pancha. Nyapara akasonga mbele, na Kioko akachukuliwa.

"Shemeji, pole sana," akasema akiangalia sakafu. "Tulidhani ni pancha."

Mwende ndiye aliyeuliza, taratibu kabisa, kama anauliza bei ya nyanya.

"Mwana wa mwaitu, hiyo baiskeli iko na tubu?"

Mwana wa mama yangu. Hivyo ndivyo Wakamba tunamwita ndugu wa tumbo moja.

Kioko akaweka mfuko wa machungwa juu ya kitanda.

"Nakuuliza. Iko na tubu?"

"Haina."

"Sasa hiyo pancha ilitoka wapi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akaacha kunywa chai. Kioko akakaa chini, si kwenye kiti, kwenye sakafu, akashika kichwa.

"Nilijua ameanguka," akasema. "Nilisikia akianguka. Ningesema ameanguka, wote wangesimama. Na geti ingefungwa."

Mwende hakumtukana. Alichukua ule mfuko wa machungwa akampa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Basi, wakuu, miaka imepita. Nina duka dogo la vipuri vya baiskeli, nakaa kwenye kiti nauza tairi. Kioko bado yuko kiwandani na mvi zake. Karo ya Ndunge ya sekondari aliitoa yeye bila kuombwa. Akija nyumbani Mwende anampa chakula, anampa maji ya kunawa, lakini hakai naye mezani. Nimemwambia aache, imetosha. Ananijibu kwamba mguu ni wangu lakini ndugu ni wake.

Sasa, member uliyeuliza. Nunua tairi nene lenye kinga ndani yake chini ya mpira wa kukanyagia, na duka lolote la maana litakuonyesha. Jaza upepo wa kutosha, maana tairi legelege ndilo linalookota miiba. Likague jioni utoe vigae kabla havijazama. Beba tubu ya akiba, viraka na pampu. Pancha utapata tu siku moja, na pancha haijawahi kuua mtu. Ila yeyote atakayekuambia utoe breki ili kupata tairi lisilotoboka, mkimbie.

Na muhimu kuliko tairi, angalia unaendesha na nani nyuma na mbele yako.

Uwanja ni wenu, andikeni. Najua wengi mtaandika kwamba Kioko ni mnyama na kwamba nyinyi mngesimama. Kabla hujaandika hivyo, jiweke kwanza kwenye ule mteremko, manyunyu usoni, mtoto hajala nyumbani, na geti linakaribia kufungwa, halafu ujibu.

Mimi nimejiweka pale mara nyingi nikiwa mimi ndiye Kioko. Jibu langu nalijua, na ndiyo maana akibisha hodi huwa namfungulia.