Pampu ya Duara Kwenye Kisima cha Mama

Leo nimeua kisima alichochimba marehemu baba kwa mikono yake.

Msicheke kwanza.

Mnanijua, mimi ndiye fundi pampu wa machimbo ya Mwakitolyo. Nimenyonya maji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, yaliyowashinda watu wenye vyeti. Sasa nafika nyumbani Kolandoto, nakuta kapampu ka mama kanakohoa upepo, maji yanadondoka kama machozi ya mke mwenza msibani.

"Mama, haka ni ka kunyweshea kuku. Ngoja uone pampu!"

Nikafunga ile kubwa ya petroli, tunayokaushia duara.

Maji yakaruka mpaka uani kwa jirani! Jirani mwenyewe, Mama Kulwa, akapiga vigelegele. Mimi huyo, nimevua shati, najipiga picha.

Halafu maji yakawa tope. Tope likawa mchanga. Kabla sijazima, kuta za udongo zikaporomoka ndani. Puu!

Jamani, duara tunataka likauke. Kisima tunataka kibaki na maji. Nilisahau hilo tu.

Mama Kulwa akajiondokea. Mama akasogea, akatazama kile kifusi muda mrefu. Nikasubiri anitukane. Angenitukana ningepona.

"Pole, mwanangu. Jua limekuchosha. Kunywa maji."

Akanichotea kikombe mtungini. Ndiyo maji ya mwisho ya kisima cha baba.

Nimekishika hapa mpaka sasa, sijayanywa.

Ninyi mngeyanywa?