Kurasa za watu zilizomezwa na kitufe cha kijani

Fundi cherehani wa mlango wa pili anaapa kwamba alisikia kengele za kamari kwa masikio yake mawili. Anasema ilikuwa mchana kweupe, duka la jirani yake lina wateja, mara kompyuta ikaanza kulia kiriri-kiriri kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Yule mama akaruka kutoka kitini ameshika kichwa.

"Ameliwa," fundi anamweleza kila anayeleta suruali kupunguzwa. "Kacheza kamari na fomu za watu, kaliwa."

Kengele zililia kweli, hilo hakuna anayebisha. Mengine yote fundi ameyashona mwenyewe.

Saa mbili asubuhi, Jumatano, mama huyo, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Vidole kwa wepesi wake wa kuchapa, anafunua kitambaa cha maua kilichofunika kompyuta yake. Haiwashi, kwa sababu hakuizima. Wapiga chapa wa mtaa huu hawazimi kompyuta. Huzifunika tu, kama unavyofunika chakula cha mtu aliyechelewa kurudi.

Juu ya kioo, kurasa alizofungua zimebanana kwa safu kama meno ya kitana.

"Kila mmoja ni mtu," anasema, akizipitia kwa kidole. "Huyu anasubiri cheti cha ndoa. Huyu kaenda kupiga picha. Huyu mumewe hataki kusaini, wamenuniana. Nikifunga ukurasa nimemfungia mtu mlango."

Kazi yake ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Fomu moja humpa bei ya mikate miwili, na intaneti inatoka humo humo. Mteja hugundua nusu ya njia kwamba karatasi fulani imebaki nyumbani, au muhuri haupo. Fomu nyingi hazikubali kuwekwa kiporo, ukizifunga zinafutika. Kwa hiyo mteja huenda kutafuta kilichopungua, na ukurasa wake hubaki wazi ukimsubiri.

Jumatatu, uliokuwa ukisubiri kuliko yote ni wa binti wa fundi viatu.

Binti huyo anaomba nafasi ya kusomea uuguzi. Mwaka jana alichelewa, akakaa nyumbani mwaka mzima akimshikia baba yake gundi. Mwaka huu chuo kimempa namba ya maombi, na namba hiyo hufungua fomu mara moja tu. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Kila kitu kilikuwa kimejazwa, ukabaki muhuri wa mwalimu mkuu, na picha ya cheti, ambayo chuo kiliikataa kwa maneno mekundu: faili ni kubwa mno, punguza.

Punguza kwa nini? Kwa kisu? Chuo hakikusema.

Bi Vidole akatafuta programu ya kupunguza picha. Ukurasa ukaja na kitufe cha kijani, kikubwa kama mlango wa duka, kimeandikwa PAKUA HAPA. Akabonyeza. Kitufe cha kweli kilikuwa chini kabisa, kidogo, cha kijivu, kimejikunyata kama paka wa kuokotwa.

"Ikaniuliza, unakubali? Unakubali? Unakubali?" anasema. "Na vile vibox vilishawekwa tiki. Aliyeweka nani? Mimi nilikuta vimeshakubali kwa niaba yangu!"

Kivinjari kikajifunga chenyewe. Kilipofunguka, kurasa zote thelathini na saba hazikuwapo. Mahali pake pakawa na ukurasa mmoja wa kamari, kengele zinalia, sarafu zinamwagika. Kila alipoufunga, ukarudi na mwenzake.

Mwizi wa kuku akikamatwa mtaani hapa, hapelekwi ofisini kunywa soda. Lakini mwenye kitufe kile yuko mahali amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anaitwa mfanyabiashara, na kila anayenaswa yeye anahesabu faida. Hakuiba hata shilingi ya Bi Vidole. Alizifagia kurasa za watu apate tu nafasi ya kutandaza tangazo lake.

Siku hiyo hiyo fundi viatu akafika, mkono mmoja bado umeshika kiatu.

"Mama, nimeambiwa maneno."

"Umeambiwa na mtu au na cherehani?"

"Usinifanyie utani. Fomu ya mwanangu umeichezea kamari?"

"Kaka yangu, mimi hata karata sijui kuzichanganya. Njoo uone mwenyewe." Akamgeuzia kioo. Sarafu zikamwagika mbele ya wote wawili. "Hii imeingia kama panya, kwenye gunia nililolipokea kwa mikono yangu. Hapo nimekosa. Kamari, hapana."

Fundi viatu akakishusha kiatu. "Sasa mtoto nimwambieje?"

"Mwambie aendelee kuufuatilia ule muhuri wa mwalimu mkuu. Nautafuta ukurasa wake."

Wa kwanza kuitwa alikuwa mdogo wa mume wa Bi Vidole, fundi wa kompyuta. Alikuja na dawa moja: kufuta kila kitu na kuanza upya.

"Shemeji, kunguni dawa yake ni kuchoma kitanda."

"Halafu walalao humo nitawalaza wapi? Kwako?"

Shemeji akacheka, akakunja mikono ya shati. Walianza kwa kuchomoa waya wa intaneti, kitu kile kisiendelee kuwaita wenzake. Wakaiondoa programu. Ikarudi. Wakaiondoa tena, ikarudi tena, mpaka shemeji akagundua kwamba kuna kijiprogramu kingine kimejibandika ndani ya kivinjari chenyewe, ndicho kilichokuwa kinaifungulia mlango wa nyuma. Wakaking'oa hicho kwanza. Kengele zikanyamaza.

Kisha Bi Vidole akarudisha waya wa intaneti, akafungua historia ya kivinjari, pale kinapoweka majina ya kila ukurasa uliopita. Kurasa za wateja zilikuwa humo, zimechanganyika na za kamari. Akazichambua kama mchele wenye mawe, hii tupa, hii weka. Cheti cha ndoa kikarudi. Aliyenuniwa na mumewe akarudi. Baadhi zilifunguka tupu, akazijaza upya bila kumdai mtu senti.

Ukurasa wa binti ulifunguka nao. Ulikuwa na mstari mmoja: Namba hii imeshatumika.

"Imetumiwa na nani?" Bi Vidole anauliza leo, na sauti inapanda hadi fundi cherehani anaacha kukanyaga. "Chuo hakijapokea fomu. Hakijapokea cheti. Kimepokea nini basi kinachoitwa kutumika?"

Amepiga simu ya chuo. Muziki ulipigwa mpaka salio likaisha. Amepiga tena kwa simu ya fundi viatu, muziki ni ule ule.

Akipata nafasi, anataka kuwakusanya wapiga chapa wenzake mbele ya kioo hiki, awaonyeshe kitufe cha kijani kilivyo na cha kijivu kilipojificha. Lakini hayo, anasema, ni ya baada ya Ijumaa.

"Jirani!" fundi cherehani anapaza sauti. "Kengele zimelala leo?"

"Zimehamia kwenye ulimi wako!"

Kwenye benchi, binti amekaa na bahasha mapajani. Picha ya cheti imeshapunguzwa, muhuri umeshapigwa. Bi Vidole anaandika kwenye kisanduku cha ujumbe cha chuo, kwa mara ya tatu, polepole, kinyume na jina lake:

"Naomba mfungue namba hii moja tu. Kosa la kubonyeza ni langu, si la mtoto. Yuko hapa amekaa, karatasi zote anazo."

Anatuma. Wote wawili wanakitazama kioo.

"Shangazi, wamejibu?"

"Bado." Bi Vidole anausogeza ukurasa huo wa chuo mwanzo wa safu, mbele ya wengine wote. Jioni anaifunika kompyuta kwa kitambaa cha maua, taa yake ndogo bado inawaka.