Mfalme Asiye na wa Kumlisha

Mwaka jana nilishuka bandari ya Mkoani, kisiwani kwetu, na kabla sijapata gari ya kwetu, harufu ya karafuu zilizoanikwa ikanifikia. Wenzangu harufu hiyo huwakumbusha sikukuu. Mimi hunikumbusha mfalme wa hadithi ya Kigiriki.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Mwalimu alitusimulia juu ya mfalme wa kale aliyeomba kila atakachogusa kiwe dhahabu, akapewa. Mkate ukawa dhahabu, nyama ikawa dhahabu, akabaki na njaa katikati ya mali. Mwalimu akaandika ubaoni: Mtaka yote hukosa yote. Tukanakili, kengele ikalia.

Jioni nilimhadithia bibi huku tukichambua karafuu, vijiti vyake, makonyo, upande huu, karafuu upande ule, vidole vinanata. Nilitaraji ailaani tamaa. Yeye akauliza, "Kwani hakuwa na ntu wa kunlisha?"

Nikamwambia mwalimu hakusema.

"Basi hilo ndo balaa lake," akajibu, akaendelea kuchambua.

Jirani yetu alikuwa na choyo, nalisema hilo bila chuki. Wake walikuja wakaondoka, maana hata chumvi aliwapimia kwa ncha ya kidole. Kwetu karafuu zilizodondoka chini huachiwa wanawake na watoto waziokote. Yeye alitufukuza, na pakacha la bibi akalimwaga. Msimu ule, wachumaji walipomaliza, alipanda mwenyewe kufuata vishada vilivyosalia kileleni. Tawi la mkarafuu halina urafiki, likakatika. Akaanguka, akavunjika mikono yote miwili, ikafungwa mabanzi.

Watu walimpa pole mlangoni wakaenda zao. Kula akawa hawezi, na wa kumlisha hakuna. Siku ya pili bibi alipakua ubwabwa na changu wa kuchoma, akanibebesha maji. Nilinuna njia nzima. Bibi, aliyekuwa na umri wa kumzaa, aliketi mkekani, akatoa miba, akafinyanga tonge.

"Fungua kanwa, nfalme," akasema.

Jirani hakujua kwa nini anaitwa hivyo. Alikula machozi yakimtoka, hana mkono wa kuyafuta. Bibi akayafuta kwa pindo la kanga.

Msimu uliofuata hakufukuza mtu, ingawa chumvi aliendelea kuipima.

Wote wametangulia sasa, na shamba lile limebaki visiki. Mimi nakaa mjini, friji imejaa, nakula peke yangu kwa kijiko. Huzuni hunishika katikati ya chakula, nikalisikia swali la bibi. Siku hizi haulizi habari za mfalme, anauliza zangu.